Bastola ya upepo yenye nguvu: ninunue ipi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, bastola za upepo zinazotumia gesi, zile za kupiga peleti. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake ndani yake yamo maswali ya wengine wengi, kwa hiyo hata kama hukuandika wewe, isome.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita, nafanya kazi ghala zamu ya usiku. Nataka bastola ya upepo ya gesi, ile yenye nguvu kabisa, ya kupiga shabaha besmenti na kwenye gereji ya nyumbani, karatasi na makopo, na pia kuna panya wananisumbua huko gereji. Nilinunua moja ya plastiki inapiga vile vishanga vya chuma, haina lolote, haishiki shabaha hata hatua tano. Sasa mmoja ananiambia chukua Crosman 2240, mwingine Beretta ya Umarex, mwingine anasema Gamo ile slaidi inarudi nyuma kama bastola ya kweli. Kila mmoja ananitajia futi kwa sekunde, mi nachanganyikiwa tu. Ipi ina nguvu zaidi? Baba wa wawili, Columbus.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na usiku wa ghala.

Tuanze na hiyo iliyokuudhi. Bastola nyingi za vishanga mtutu wake ndani ni laini kama bomba la maji, hauna mifereji, kwa hiyo kishanga kinatoka kinapepesuka na hakuna mtu anayeweza kukilazimisha kiende anapotaka. Alafu chuma hakibondeki, kikigonga kitu kigumu kinakurudia usoni. Peleti ni habari nyingine. Chukua moja uiweke kwenye kiganja uiangalie vizuri: ni kinu kidogo, kile kinu cha kutwangia cha kwetu, juu kipana, kiunoni kimebanwa, chini kuna sketi yenye tundu. Gesi inapoingia lile tundu sketi inatanuka, inabana mifereji ya mtutu, peleti inatoka inazunguka kama pia, na kitu kinachozunguka kinakwenda kimenyooka. Kwa hiyo umeamua vizuri kuhamia kwenye peleti, hapo sina ubishi na wewe.

Sasa hizo futi kwa sekunde. Namba ya sandukuni ni kasi tu, na kasi bila uzito haikuambii nguvu. Mtu akirusha kokoto na mwingine akarusha embe dodo kwa kasi ileile, unajua mwenyewe lipi litakuumiza. Hesabu yenyewe ni nyepesi, unaweza kuifanya kwenye simu umesimama dukani: chukua kasi kwa futi, izidishe kwa yenyewe, zidisha na uzito wa peleti kwa greni (kile kipimo kidogo cha uzito kinachoandikwa kwenye kopo la peleti), gawanya kwa 450,240, unapata futi-pauni, ndo kipimo cha nguvu yenyewe. Crosman 2240 inaandikwa hadi 460, inatumia peleti ya .22 (huo ni upana wake kwa inchi), na peleti ya kawaida ya .22 ina greni 14.3. Ukipiga hesabu inakuja kama 6.7. Beretta 92 FS ya Umarex inaandikwa hadi 425, ni .177, peleti ya greni 7.9, inakuja kama 3.2. Umeona? Kwenye kasi zimepishana kidogo sana, futi 35 tu, lakini kwenye nguvu moja ni mara mbili ya mwenzake. Tofauti imetoka kwenye uzito wa peleti. Na ujue kampuni zikipima kasi ya kuandika sandukuni zinapenda kutumia peleti nyepesi, hivyo ile namba ichukue kama dari, usiichukue kama utakachokipata jioni ukiwa gereji.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi ina nguvu zaidi kati ya hizo tatu ulizonitajia, ni 2240, tena kwa mbali. Ila usikimbilie kulipa, kuna mambo matatu nataka uyajue kwanza.

La kwanza ni gesi yenyewe. Kile kimtungi kidogo cha gramu 12 ndani kina kaboni dioksidi, na nyingi iko katika hali ya kimiminika, sawasawa na mtungi wako wa gesi wa jikoni. Unakumbuka mtungi wa jikoni unavyofanya? Moto unakuwa uleule siku zote, uleule, mpaka kile kimiminika kiishe ndo moto unaanza kulegea na chakula hakijaiva. Bastola ni hivyohivyo, utapiga risasi zako zote zikiwa na nguvu ileile alafu ghafla utasikia mlio umebadilika, umekuwa mzito kama mtu anakohoa, na peleti zinaanza kugonga chini ya pale ulipolenga. Hapo acha, badilisha kimtungi.

Lakini msukumo wa gesi hiyo unategemea joto, na wewe uko Ohio, sio Tanga. Kwenye nyuzi 20 za sentigredi msukumo ndani ya kimtungi ni kama psi 830 (pauni kwa kila inchi ya mraba), wakati tairi la gari lako lina kama 32. Ukishuka hadi nyuzi sifuri unabaki na kama 500. Sasa gereji yako mwezi wa kwanza ina nyuzi ngapi? Ndo maana watu wananunua bastola mwezi wa saba wanaifurahia, ikifika krismasi wanaandika maoni ya hasira kwamba imeharibika. Haijaharibika, ina baridi. Majira hayo piga besmenti kwenye joto. Na hata kwenye joto usifyatue harakaharaka, kila risasi inaipoza gesi iliyobaki, ukipiga kumi mfululizo bila kupumzika shika ule mrija chini ya mtutu utausikia umekuwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka frijini, na hapo kasi imeshashuka. Hesabu hata sekunde kumi na tano kati ya risasi na risasi, joto la chumba lirudi ndani. Na wakati wa joto kinyume chake, usiache vimtungi kwenye gari, vimeandikwa visizidi nyuzi 49 hivi na gari lililofungwa juani linavuka hapo bila shida.

La pili ni nguvu unaitaka ya nini. Umesema karatasi na makopo. Kumbuka yule Mturuki, Yusuf Dikeç, mwaka 2024 kwenye Olimpiki ya Paris, mtu wa miaka 51 kasimama na miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akachukua medali ya fedha na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Dunia nzima ilishangaa miwani na mfuko, mimi nilitamani watu waulize habari ya bastola. Zile bastola za mashindano ya mita 10 ni za .177, siku hizi zinatumia hewa iliyoshindiliwa, na kasi yake inazunguka kwenye futi 500 tu. Zinagharimu pesa nyingi na nguvu yake haizidi hata hiyo 2240 ya bei nafuu. Lakini duara la kumi kwenye ile shabaha lina kipenyo cha milimita 11.5, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba chako, na wale watu wanalitoboa kwa mita 10, risasi 60. Wanachokilipia pale ni triga, mtutu na kishikio kilichochongwa kufuata kiganja. Nguvu hawaitafuti kwa sababu karatasi haihitaji nguvu.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi bastola yangu ya kwanza niliichagua kwa namba ya sandukuni. Triga yake ilikuwa ngumu, unavuta unavuta, mkono unatetemeka, mpaka inapofyatuka wewe umeshahama shabaha. Miezi minne nilidhani macho yangu ndo mabovu. Siku rafiki yangu aliponishikisha ya kwake, nguvu yake ndogo kuliko yangu, triga inaondoka kama unabonyeza swichi ya taa, nikaweka tano kwenye eneo la sarafu kwa mita saba, nilisimama pale nikaiangalia ile karatasi muda mrefu. Kwa hiyo ukifika dukani omba ruhusa uvute triga ikiwa haina gesi wala peleti, uivute taratibu mara kumi. Utajua mengi kuliko kusoma sanduku.

Kwa upande huo 2240 haikuangushi. Unapakia peleti moja moja, unarudisha boliti nyuma inajikoki, unasukuma mbele, unavuta, na kwa sababu umeshaikoki kwa mkono triga haina kazi nyingi ya kufanya. Watu wengine wanaona kupakia moja moja ni usumbufu, mi naona ndo mwalimu, unatulia, unafikiri kila risasi. Mtutu wake ni mrefu kama sentimita 18, unaipa gesi nafasi ya kusukuma. Udhaifu wake ni ile sehemu ya nyuma ya plastiki, haina pa kufungia saiti ya darubini, lakini inauzwa ya chuma unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi, na vipuri vya hiyo bastola ni vingi mno, watu wameichezea tangu mwaka 1999. Beretta ya Umarex ni nzuri sana kuishika, chuma kitupu, nzito zaidi ya kilo, ina kigurudumu cha peleti nane, unapiga nane ndo unapakia tena, na kwa mita sita saba inapiga vizuri. Ukitaka raha ya kupiga makopo na rafiki yako siku ya jumapili, hiyo itakufurahisha zaidi. Gamo ya slaidi inayorudi ni ya mtu anayetaka kuhisi teke mkononi, lakini ile slaidi inasukumwa na gesi ileile ambayo ingesukuma peleti, hivyo kimtungi kinakwisha mapema, na ukiwa unanunua vimtungi kwa mshahara wa ghala utalihisi hilo mwezi wa pili tu.

Mimi kwa maelezo yako ningekwambia 2240. Lakini nimesema mambo matatu, na la tatu ndo linaloniuma zaidi kuliko yote.

Uko Ohio. Tarehe 22 Novemba 2014, Cleveland, mji wa jimbo hilohilo lako, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alipigwa risasi na polisi kwenye bustani, mkononi alikuwa na bastola ya kuchezea ya easofti, akafa kesho yake. Miezi mitatu kabla, Agosti 5, Beavercreek, Ohio hiyohiyo, John Crawford III aliuawa na polisi ndani ya duka akiwa ameshika bunduki ya upepo aliyoichukua kwenye rafu ya dukani humohumo. Sikutajii haya kukutisha. Nakutajia kwa sababu wewe ni mwanaume mweusi mwenye watoto wawili na bastola za Umarex zimetengenezwa zifanane na za kweli mpaka uzito, kwa mita ishirini hakuna jirani wala askari atakayejua tofauti, na 2240 nayo haifanani na mwanasesere. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haihesabu bastola ya upepo kama silaha ya moto, sawa, lakini jirani aliyepiga 911 hajasoma sheria. Kwa hiyo: haitoki nje ya nyumba bila kuwa ndani ya begi lake lililofungwa. Haikai kwenye kiti cha gari. Hupigi kwenye gereji mlango ukiwa wazi unatazama barabara, hata kama ni joto, hata kama ni dakika mbili. Watoto wasijue ufunguo ulipo, na siku ukiamua kuwafundisha, wafundishe wewe ukiwa umesimama nao, wasiipige picha kuirusha mtandaoni, wasimwonyeshe rafiki. Na kabla hujanunua piga simu ofisi ya mji wako, miji mingi ina kanuni zake za kufyatua bunduki za upepo ndani ya mipaka ya mji na zinatofautiana. Kwa wasomaji wa New Jersey hesabu ni tofauti kabisa, huko bastola ya upepo inahesabiwa silaha na unahitaji kibali, na New York City msijaribu.

Kuhusu besmenti, shida kubwa ni peleti itasimama wapi. Ukuta wa zege hapana, ubao mgumu hapana. Mimi nimetengeneza sanduku la mbao, kimo kama futi moja na nusu, nyuma nimeweka ubao mnene, mbele yake nimekandika ule udongo wa mafundi umeme wa kuzibia mabomba ya nyaya, unauzwa kwa tofali kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, unakuwa mlaini kama unga wa chapati uliokandwa na haukauki. Unaukandika unene wa inchi mbili, unabandika karatasi mbele. Peleti inaingia na sauti ndogo tu, tup, inabaki humo. Mke wangu akiwa juu anasali hasikii. Nyuma ya sanduku ning'iniza zulia kuukuu kwa ajili ya zile zitakazokosea, manake zitakosea. Vaa miwani ya kukinga macho, wewe na yeyote aliye chumbani. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula au mtoto, peleti ni madini ya risasi na risasi ni sumu, kwa watoto hasa. Usile karanga unapiga.

Panya sasa. Futi-pauni sita kwa hatua chache inaweza kumuua panya ukimpata kichwani, lakini ukimpata tumboni atakimbia aende kufa ndani ya ukuta siku tatu kwa maumivu, na wewe utanusa wiki mbili. Mtu ambaye bado haweki tano mfululizo kwenye sarafu hana haki ya kumpigia kiumbe. Nunua mitego, ni dola chache, inafanya kazi ukiwa ghalani.

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Leicester, Uingereza. Binamu yangu anaishi Texas ananiambia huko bastola za upepo zina nguvu kuliko za huku, anataka kunitumia moja kwa posta au aje nayo akija harusini. Nimpe adresi? Dada mpenda shabaha.

JIBU: Usimpe, dada yangu. Mpigie leo hii umwambie aache.

Uingereza bastola ya upepo mwisho wake ni futi-pauni 6, kama jouli 8 hivi kwa kipimo kingine cha nguvu. Bunduki ya upepo ndo inaruhusiwa hadi 12. Bastola ikizidi hapo inaingia kwenye kundi la silaha zilizopigwa marufuku chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1968, kifungu cha 5, kundi ambalo hata leseni ya kawaida haikusaidii, na wewe mpokeaji ndo mwenye kesi. Sasa rudi juu kwenye ile hesabu niliyompigia kaka wa Columbus: 2240 ya Marekani kwa namba ya sandukuni inakuja 6.7. Bastola halali kabisa kwa binamu yako, kwako ni kifungo. Ndo jinsi tofauti ilivyo ndogo. Na kwa sababu hiyohiyo usikubali fundi yeyote akubadilishie springi au mtutu kwenye bastola uliyonunua huko ili iongezeke nguvu.

Nenda duka la silaha lililosajiliwa hapo mjini kwako, uwe na miaka 18 na kitambulisho. Tangu 2007 muuzaji lazima akukabidhi ana kwa ana, hakuna kuletewa na posta. Zilizopo dukani zimeshatengenezwa chini ya kikomo. Na ikitokea umehamia Scotland, kule tangu tarehe 31 Desemba 2016 lazima uwe na cheti cha bunduki za upepo kabla hujawa nayo, na Ireland ya Kaskazini wana sheria kali zaidi, chochote kinachozidi jouli 1 kinahitaji cheti cha silaha.

Ukiniuliza mimi, nenda klabu kwanza. Uingereza ina klabu nyingi za shabaha za mita 10, wanakuazima bastola, unapiga mwezi mzima ndo unajua unataka nini. Huna haja ya nguvu za Texas kutoboa karatasi ya Leicester.

SWALI: Kaka naenda likizo Mombasa mwezi wa nane kutoka Minneapolis, nataka nimpelekee mjomba bastola ya upepo na vimtungi hata ishirini, kuna kunguru wanamsumbua shambani. Inapita airport?

JIBU: Mdogo wangu, hapa nitakuwa mfupi. Vimtungi vilivyojaa haviruhusiwi kwenye ndege, si begi la mkononi si begi la chini, ni gesi iliyoshindiliwa. Bastola yenyewe Marekani inakubalika kwenye begi la chini, lakini ukishuka Mombasa uko chini ya sheria za Kenya, na pale forodhani utakuwa mtu aliyeshuka na bastola ambayo hana karatasi yake. Kabla hujagusa sanduku mjomba awasiliane na Bodi ya Leseni za Silaha Nairobi, apate jibu la maandishi. Kama hana jibu la maandishi, nenda na viatu, nenda na simu, mjomba atafurahi. Na hao kunguru bastola ya peleti haiwafai kabisa, kunguru wa pwani ni mwerevu, ukimpiga mmoja ukamkosa wenzake watakujua kwa sura, na kwa umbali wanaokaa juu ya mnazi peleti ya bastola ikifika imeshachoka.

SWALI: Asalaam alaykum. Nina ya gesi mwaka wa pili. Naweka kimtungi usiku, asubuhi naikuta tupu wala sijapiga hata moja. Fundi wa dukani kaniambia ninunue mpya. Ni kweli imekufa? Msomaji, Toronto.

JIBU: Waalaykum salaam. Haijakufa. Asilimia kubwa ya hizo ni mpira tu, ule mpira mdogo wa duara, oringi, unaozuia gesi pale kimtungi kinapotobolewa au kwenye kifuniko. Umekauka, umepasuka, au umeubana sana mpaka ukabonyea. Nunua pakiti ya oringi za saizi ya bastola yako, bei yake haifiki sahani ya wali.

Kujua inavuja wapi, weka kimtungi kipya, alafu chukua kijiko cha maji yenye sabuni ya vyombo, pakaza kwa kidole kwenye kifuniko na kuzunguka mrija. Angalia kwa utulivu kwenye mwanga, mapovu madogo madogo yataanza kujipanga kama ya ndizi inayochemka. Pakitoka mapovu kifunikoni, una bahati, ni dakika tano. Yakitoka mtutuni, ujue inavuja kwenye vali, hapo itabidi ufungue au umpate mtu anayezijua. Kabla ya kufungua chochote fyatua gesi yote iishe, bila peleti, mtutu ukielekea kwenye kizuizi, alafu legeza kifuniko polepole sana, robo mzungusho kwa robo mzungusho, gesi iliyobaki itoke ikizomea. Usiweke kidole mbele yake, baridi ile inaunguza ngozi.

Na kuanzia sasa kila ukiweka kimtungi dondoshea tone moja la mafuta ya bunduki za upepo kwenye ncha yake ndogo, ile inayotobolewa. Crosman wanauza kichupa kidogo kinaitwa Pellgunoil, kinakaa miaka. Gesi ikiingia inayabeba mafuta mpaka kwenye sili zote ndani, ile mipira ya kuzuia gesi, huhitaji kufungua. Usiweke WD-40, usiweke mafuta ya kupikia, nimeona sili zilizovimba zikawa kama ubani uliotafunwa. Kifuniko kaza kwa vidole mpaka usikie kile kizomeo kimekatika, alafu ongeza kidogo tu, basi, usitumie koleo. Jaribu leo jioni na maji ya sabuni, kisha niandikie mapovu yametokea wapi.